Mama Mmoja na Likizo ya Mlezi

Wivu wa ndugu una adabu zake. Hautukani mtu wala haupigi kelele. Unapika chai, unauliza hali, unasema hongera, kisha unarudi nyumbani, unafunga mlango na kulia peke yake. Muuguzi ninayemsimulia hapa aliujua wivu wa namna hiyo kama alivyoijua sindano, na aliyemfundisha ni mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja, ziwa moja.

Mtaani walimwita Mama Mmoja. Jina hilo alilipata ujanani, na wakati huo lilikuwa sifa. Zile zilikuwa siku ambazo serikali ilikuwa inaogopa watoto. Shule zilifurika hadi wanafunzi wakaandikia magotini, na wodini wazazi walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, vichanga katikati. Wakubwa wakakaa, wakakuna vichwa, wakatoa kauli: Mmoja anatosha, wawili mwisho. Kauli ikapakwa rangi kwenye kuta, ikasemwa redioni kila asubuhi kabla ya habari, ikachapwa hata kwenye mifuko ya sukari. Lakini kauli haina miguu, lazima apatikane wa kuitembeza. Akapatikana yeye.

Na msimdhanie vibaya, hakuitembeza kwa ajili ya mshahara tu. Mama yao alikuwa amezaa tisa na kuzika wanne, na yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Kabla hajavunja ungo alikuwa ameshalea. Alibeba, aliosha, alibembeleza, alimenya, na wenzake walipokuwa wakiruka kamba yeye aliwatazama akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo serikali iliposema watoto basi, yeye alisikia kama kuna mtu hatimaye amemwambia: binti, tua mzigo upumzike.

Akasomea uuguzi, akapelekwa kliniki ya uzazi wa mpango iliyoko njia panda, akapewa mkoba wa ngozi na mitaa ya kuzunguka. Alizunguka kweli. Alivaa viatu vyeusi vya kisigino kifupi, akabisha hodi kila mlango, akaketi na wake za watu na kuwaeleza vidonge, sindano na vipandikizi bila kupepesa macho. Wanaume walimwona anakuja wakajifanya wana safari. Aliolewa na fundi saa, mtu mpole anayeongea mara chache. Wakapata binti. Binti alipofikisha miaka mitatu, fundi saa alijaribu bahati yake.

"Mke wangu, hata saa ina mishale miwili," akasema.

"Ya kwetu ina mmoja, na inatembea vizuri," mkewe akamjibu, na habari hiyo ikaishia hapo.

Serikali haikuwa na deni naye. Ilimfanya mkuu wa kitengo. Ilimpa nyumba ya vyumba viwili na jiko. Na siku moja alikuja mpiga picha, akawapanga yeye, bwana wake na binti yao mwenye visuko viwili, akawaambia wacheke. Picha hiyo ikachorwa upya kwa rangi, kubwa kuliko mlango, kwenye ukuta unaotazamana na kliniki. Kila alipofungua dirisha la ofisi yake alijiona anacheka.

Sasa huyo mdogo wake. Mtaani aliitwa Mama Kikosi, na kikosi chenyewe kilikuwa cha watu watano. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, upande wa kushona vifungo. Alipobeba mimba ya tatu, wakamnyima likizo ya uzazi yenye mshahara, maana ndivyo taratibu zilivyosema. Alipobeba ya nne, wakamwonyesha mlango. Hakulia. Alitandaza magunia mbele ya nyumba yake, akapanga nyanya, vitunguu na mboga, akazaa na wa tano.

Ndiyo, dada yake alikwenda kumhubiria. Alikwenda na mkoba wake wa ngozi kama anavyokwenda kwa mtu baki, akaketi kwenye kigoda katikati ya nepi zilizoanikwa.

"Mdogo wangu, utakoma lini?"

"Nitakoma wakikoma kuja," akasema Mama Kikosi, akacheka. "Chukua nyanya, Dada. Hizi zimeiva mno, hazitafika kesho."

Muuguzi alichukua zile nyanya, akazila, na hakuacha kumsema. Siku zile hakumwonea wivu, alimwonea huruma, na huruma ya dada mkubwa ina kiburi ndani yake. Na kwa kuwa kuzunguka mitaa kulimchukua mpaka jua lizame, binti yake alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Hapo alikula sinia moja na wale watano, akalia nao, akapigwa nao, akaogeshwa nao. Jioni mama alipita kumchukua.

Dunia haikai upande mmoja. Vijana waliokua wakisikia redioni kwamba watoto ni balaa walikuja kuwa watu wazima, na wakaamini. Walioambiwa mmoja wakaona hata huyo mmoja ana gharama. Shule ya jirani na kliniki ikapungukiwa wanafunzi darasa kwa darasa, mwishowe ikageuzwa makao ya wazee, na kwenye bembea wakaanika mashuka. Duka la nguo za watoto likawa duka la miwani. Pale kliniki mizani ya kupimia vichanga ikafunikwa kitambaa, na vumbi likakaa juu ya kitambaa. Wakubwa wakakaa tena, wakakuna vichwa tena, wakatoa kauli nyingine: Nyumba ni watoto.

Ofisi ni ileile, rangi ni ileile, na ukuta ni uleule. Ila sasa waliotafutwa ni wale waliotukanwa. Waswahili walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini serikali husikia methali kwa kuchelewa kama inavyosikia mengine. Kila mama mwenye watoto wanne na kuendelea akapangiwa posho ya kila mwezi. Akapewa kadi ya kutangulia foleni, iwe hospitalini au benki. Na katika mitaa hii, mama aliyeonekana anafaa kuwa mfano alikuwa muuza mboga mmoja mnene, mcheshi, mwenye watoto watano waliokua na kupendeza machoni. Asubuhi moja muuguzi alifungua dirisha la ofisi, akaona mafundi wamepanda ngazi. Yeye na bwana wake walikuwa wameshapakwa chokaa. Kilichobaki kilikuwa visuko viwili vya binti yake na jicho moja. Kufikia mchana hata hilo jicho halikuwepo, na mahali pake alikaa Mama Kikosi na kikosi chake, meno nje.

Roho ikamuuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alifunga dirisha, na joto lilivyokuwa kali siku ile wenzake wakadhani anaumwa.

Alitii, na huyu alikaidi. Alijinyima, na huyu alijimwagia. Leo mkaidi analipwa kwa ukaidi wake, na mtii amepakwa chokaa. Usiku alimweleza bwana wake, maneno mengi, moja juu ya jingine. Fundi saa alisikiliza yote, kioo chake kikiwa bado jichoni, kisha akasema, "Lakini si ni mdogo wako?" Hilo ndilo lililomkera kupita yote. Angekuwa mtu baki, angemsema vizuri.

Hongera alikwenda kutoa, maana adabu ni adabu. Alichukua na sukari. Alirudi na mboga bila kuulizwa bei, akazitupa nyuma ya nyumba, kisha akaenda kuziokota kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Na kazi? Kazi aliendelea nayo, kwa kuwa kustaafu bado. Mkoba uleule, viatu vya aina ileile, milango ileile. Ila sasa alibisha hodi kuwashawishi mabinti wazae. Mabinti walimpokea vizuri, wakamkalisha kwenye makochi laini, wakamsikiliza, kisha mmoja wao akamwambia, "Shangazi, si wewe uliyemwambia mama yangu akome? Akakomea kwangu mimi." Akacheka sana, na muuguzi akacheka naye, kwani angefanya nini.

Hapo ndipo binti yake, yule wa visuko, akiwa na umri ambao majirani walikuwa wameshaacha kuuliza atazaa lini, alipompigia simu kumwambia ana mimba.

Muuguzi alikaa chini kwenye benchi la wagonjwa. Alifurahi mpaka akasahau kukata simu. Na ndani ya ile furaha, kama uzi ndani ya shanga, kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema: sasa nami nina changu. Mdogo wake alikuwa na wajukuu tayari, wengi hata majina aliyachanganya. Lakini mjukuu huyu hakuwa wa Mama Kikosi. Huyu alikuwa wake, na hakuna posho wala kadi ya foleni ambayo ingeweza kubadilisha hilo.

Katika miezi hiyo ikatoka sheria mpya iliyoitwa likizo ya mlezi. Ilikuwa nzuri, na hata mimi nisiyependa kusifu ovyo naisifu. Wakubwa walikuwa wamegundua kile ambacho bibi zetu walikijua, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo mzazi mtarajiwa alitakiwa kumtaja ndugu mmoja wa kumsaidia, na huyo ndugu, kama ameajiriwa, alipewa miezi mitatu nyumbani kwa mzazi huku mshahara ukitembea. Kama hana ajira, alilipwa posho. Anatajwa mtu mmoja tu, na akishatajwa habadilishwi.

Aliyewaeleza wajawazito sheria hiyo pale kliniki alikuwa Mama Mmoja mwenyewe. Alisimama mbele ya mabenchi na kuirudia mpaka akaikariri. "Mtaje yule ambaye moyo wako unamtaka," alikuwa akimalizia, "si yule unayemwonea haya." Wanawake waliitikia kwa vichwa. Na kila aliposema hivyo alijiona nyumbani kwa binti yake, mikono ya nguo imekunjwa, mtoto kifuani.

Hakumuuliza binti yake amemtaja nani. Kwani mtu huuliza jua litachomoza upande gani? Alimwambia tu, "Ukitoka hospitali, Jumatatu nitakuja." Binti akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, Mama. Karibu." Kule kunyamaza muuguzi alikusikia, akakuweka kwenye hesabu ya uchovu wa mimba.

Kliniki nzima ikajua. Daktari mkuu alimwambia aende, barua zitafuata. Mchana wa Ijumaa wakamfanyia chai ya kumuaga, watu wakakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa na vikombe mkononi. Daktari mkuu akasema kwamba aliyewafundisha wengine kupanga uzazi sasa anakwenda kuvuna alichopanga, na watu wakapiga makofi. Kisha wakamkabidhi zawadi: beseni la kuogeshea mtoto, jeupe, lenye mgongo wa kumlaza na kizibo cha kutolea maji, limefungwa utepe. Muuguzi alitoa machozi. Alilibeba beseni lile njiani mwenyewe, ingawa fundi saa alikuja kumsaidia.

Jumatatu asubuhi akapanda ngazi za jengo analokaa binti yake, begi mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Akabisha. Mlango ukafunguliwa na Mama Kikosi. Alikuwa amejifunga taulo la jikoni kiunoni, begani ametupia nepi, na nyumba yote ilinuka supu.

"Dada! Shikamoo. Mbona mzigo wote huo?"

"Nimekuja kwenye likizo yangu. Wewe umekuja kumwona mtoto?"

Mama Kikosi alilitazama begi, akalitazama beseni na utepe wake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao uso wake ukakosa utani.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "hakukwambia?"

Basi akajua. Hata hakuhitaji kuambiwa zaidi. Angeweza kugeuka akashuka ngazi, lakini angekwenda wapi? Kliniki walikuwa wamemuaga kwa makofi. Akaingia ndani, akaweka begi chini, akaenda chumbani. Binti yake alikuwa ameegemea mito, kichanga kimelala pembeni, kidogo, chekundu, ngumi zimefungwa.

"Mama, nilitaka kukwambia," akaanza.

"Ya nini? Umefanya vizuri, mwanangu. Mama yako mdogo ana uzoefu," muuguzi akasema. "Hongera sana. Mimi nimechukua likizo yangu ya mwaka, nimeona nije nisaidie kidogo. Ninaweza kulala sebuleni."

Alisema yote hayo huku anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zito kulibeba kuliko begi. Jioni alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike.

Jiko moja halina mabibi wawili, na walio na dada wanajua. Muuguzi alipima maji kwa kipimajoto, Mama Kikosi aliyapima kwa kiwiko. Muuguzi alisema mtoto alazwe chali, Mama Kikosi alimlaza popote alipokubali kulala, mara nyingi juu ya tumbo lake mwenyewe lililo kubwa kama godoro. Mtoto akilia mikononi mwa muuguzi, bibi huyu alichunguza nepi, alipima joto, alisikiliza mapafu. Mtoto akilia mikononi mwa Mama Kikosi, bibi yule alisema, "Ee, sema baba, nakusikia," akaendelea kukoroga chungu, na mtoto akanyamaza. Tena alinyamaza haraka. Hilo muuguzi aliliona kama dharau.

Alianza kuamka mapema ili awahi yeye kuogesha. Siku ya kwanza alikuta mdogo wake ameamka kabla yake. Siku ya pili akaamka mapema zaidi, akaingia bafuni kwa kunyata, akakuta mtoto ameshaogeshwa ndani ya karai la kufulia, yu safi na ananukia sabuni. Na beseni lake jeupe, beseni la heshima, lilikuwa limelowekwa nepi.

"Kizibo chake ni kizuri sana, Dada," Mama Kikosi akamwambia. "Maji machafu yanatoka yenyewe."

Mama Kikosi hakuwa mjinga. Alijua. Mchana mmoja, wakiwa wameketi jikoni wakimenya viazi, binti na mtoto wamelala, alisema bila kumtazama dada yake, "Unajua mimi nilikuwa nakuonea wivu, Dada?"

"Wewe? Mimi?"

"Mpaka viatu vyako. Ukija kunihubiria nilikuwa nasikia kwanza visigino, ko, ko, ko, nasema anakuja mtu wa mshahara. Mimi nimevaa ndala zenye pini. Ukiondoka nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unacheka," muuguzi akasema.

"Nilikuwa nacheka ukiwepo."

Ungedhani maneno hayo yangempoza. Hayakumpoza hata kidogo. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama punje, akiwaza kwamba mdogo wake huyu hata katika wivu alikuwa ametangulia, na tayari amemaliza, ameusamehe na kuusimulia kama kichekesho, wakati wa kwake ndiyo kwanza uko motoni.

Kilichotokea kilitokea kwa ajili ya kwikwi. Alasiri mtoto alishikwa na kwikwi, na Mama Kikosi akamweka begani, akampapasa mgongo, akawa anatembea naye huku akiimba wimbo usio na maneno. Muuguzi alivumilia mzunguko mmoja. Akavumilia wa pili.

"Mpe aliyesomea," akasema.

"Zitapita, Dada. Kwikwi haziui."

"Nimesema nipe mtoto. Mimi ndiye bibi yake."

Akamchukua. Hakumnyang'anya, lakini haikuwa mbali na kunyang'anya. Mtoto akashtuka, akapiga ukelele, na mlango wa chumbani ukafunguliwa. Binti alisimama hapo, nywele timutimu, mkono ukutani.

Muuguzi angeweza kunyamaza. Alinyamaza miaka mingi, angeweza kunyamaza na alasiri hiyo. Lakini kilichojaa kimejaa.

"Niambie leo," akamwambia binti yake. "Niambie mbele yake. Nilikukosea nini? Nilikuvisha, nilikusomesha, hujawahi kulala njaa. Ulikuwa mmoja, na vyote vilikuwa vyako. Hawa watano waligawana shati. Leo anatakiwa mtu mmoja tu wa kumlea mwanao, unamtaja yeye. Ni kwa sababu amezaa wengi? Ni kwa sababu ya ile picha?"

"Si hivyo, Mama."

"Ni nini basi?"

Binti alikuja akakaa kwenye kiti, taratibu, kwa sababu mshono bado ulimuuma. Alimtazama mama mdogo kama anayeomba ruhusa, lakini mama mdogo naye alikuwa hajui kinachokuja.

"Nilikuwa mdogo, darasa la pili au la tatu," akasema. "Ulikuja jioni kunichukua kwa mama mdogo. Ulikuwa umevua viatu, umevishika mkononi, miguu ilikuwa imekuvimba. Mwalimu alikuwa ametusomea ile kauli, mmoja anatosha. Nikakuuliza, Mama, na serikali ingesema hata huyo mmoja asizaliwe, ingekuwaje?"

Muuguzi alikuwa anambembeleza mtoto kwa mkono, bila kujua.

"Ukaniambia, tungetii, mwanangu. Halafu ukaniambia nivae ndala, giza linaingia."

"Sikumbuki," muuguzi akasema.

"Najua hukumbuki. Ulikuwa umechoka. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua. Akasema, mimi ningekuzaa kwa siri, nikakuficha uvunguni, na wakija kukutafuta nawauzia nyanya."

Mama Kikosi akajifuta mikono kwenye taulo, ingawa haikuwa na maji. "Jamani, mtoto huyu," akasema. "Mimi nilisema hivyo? Wallahi sikumbuki. Itakuwa nilikuwa natania."

"Nilipoambiwa nitaje mtu mmoja," binti akasema, "sikufikiria, Mama. Ningefikiria ningekutaja wewe."

Kwikwi za mtoto zilikuwa zimekwisha, naye amelala, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Muuguzi alimtazama mdogo wake, mtu mzima, mnene, anaona haya kwa sifa asiyoijua imetoka wapi. Posho akamwachia. Picha akamwachia, na kadi ya foleni, na wajukuu wote. Alichomwonea wivu sasa kilikuwa yale maneno machache yaliyotamkwa na mtu mwenye ungo mapajani, ambayo msemaji wake alikuwa ameyasahau kabla mchele haujaiva. Angeyataka yawe yametoka kinywani mwake. Angetoa nyumba na cheo na miaka yote ya kuzunguka.

Alitafuta kusema kwamba naye alikuwa anatania. Kinywa kikakataa, kwa kuwa alijijua. Mwaka ule wangesema hata mmoja asizaliwe, yeye angechukua mkoba wake asubuhi, akabisha hodi mlango hadi mlango kuwaeleza watu faida zake, na jioni angerudi kwenye nyumba isiyo na mtoto, akavua viatu na kulala.

Akamtoa mjukuu kifuani, polepole, asije akaamka.

"Shika wewe," akamwambia mdogo wake.